Jicho la mtoto linaingia ndani, hajafika miaka miwili: nianzie wapi hapa Pemba?

BintiGombani

Assalaamu alaykum. Naomba mnaojua mnisaidie. Mwanangu wa kiume yu karibu kutimiza miaka miwili. Jicho lake la kushoto linakimbilia puani, lakini si wakati wote. Asubuhi akiamka yuko sawasawa. Ikifika magharibi, au akiwa na homa, au akishika kitu kidogo akakitazama kwa karibu, ndipo linapoingia. Mavyaa ananambia niliache, litarudi lenyewe, na baba yake mtoto alikuwa hivyo hivyo utotoni. Wifi yeye anasema ni kijicho, kwa sababu namweka sana kwenye status. Mume yuko Unguja kikazi, kila nikimpigia jawabu ni moja: subiri nije.

Mtoto hata kusema bado hajanyooka, herufi hazijui, sasa watampimaje? Na je, lazima apasuliwe? Halafu hapa Chake mtu anaanzia wapi? Sitaki kupanda boti kabla sijajua naendea nini.

Mzee_Konde

Wa alaykum salaam mwanangu. Usijitie wahaka. Mjukuu wangu alikuwa vivyo hivyo, kila mtu akasema ana makengeza. Alipofika miaka mitatu pua ikapanda na macho yakakaa pahala pake. Hakutiwa dawa wala hakuvishwa miwani. Nyinyi watoto wa sasa mnakimbilia spitali kwa kila kitu.

FundiSimu

Binti, mpige picha kwa flashi akiwa anakutazama uso kwa uso, kisha ikuze uangalie ile nukta ya mwanga kwenye macho yote mawili. Niliiona kwenye video moja. Ila video nazo husema kila kitu, kwa hiyo mngoje mwenye fani aje.

Muuguzi_wa_Macho

Wa alaykum salaam nyote. Mimi ni muuguzi wa macho hapa kisiwani, si daktari bingwa, kwa hiyo nitasema ninayoyajua na mengine ataamua atakayemshika mtoto.

Nianze kwa Mzee Konde, maana alichokisema kipo. Watoto wengi huzaliwa na pua bapa na ngozi iliyojikunja kwenye kona ya ndani ya jicho. Ngozi ile hufunika weupe wa upande wa pua, ukitazama unaona jicho limeingia kumbe limetulia. Pua ikipanda, sura hubadilika. Huyo hakuwa na makengeza tangu mwanzo. Na mtoto mchanga naye, miezi mitatu minne ya mwanzo, macho yake huenda ovyo mara kwa mara na hilo si la kutisha. Kuanzia miezi minne, jicho linalopinda lipimwe.

Lakini Binti, maelezo yako hayaelekei kwenye pua. Pua bapa haiji magharibi ikaondoka alfajiri. Jicho linaloanza kuingia mtoto ameshavuka mwaka na nusu, na likazidi akichoka au akitazama karibu, mara nyingi lina sababu yake: jicho ni fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, picha inatua nyuma ya retina, yaani pazia la ndani linalopokea picha, na mtoto inambidi akaze lenzi ya jicho ili aone sawasawa. Sasa, kukaza lenzi na kugeuza macho kuelekea puani ubongo huvifanya pamoja, kwa amri moja. Akikaza kupita kiasi, jicho moja linavutwa ndani. Wengi wa hawa tiba yao ni miwani, na wapo ambao kisu hawakijui kabisa.

Kwa nini nasema usingoje? Jicho likipinda, ubongo unaletewa picha mbili zisizolingana. Mtu mzima hapo angeona vitu viwili viwili. Mtoto haoni viwili. Ubongo wake unafanya kama mtu aliyefunguliwa redio mbili kwa pamoja, anaizima moja ili asikie nyengine. Jicho lililozimwa linabaki zima kwa umbo, hakuna kidonda, hakuna ukungu, lakini halijifunzi kuona. Ndilo tunaloliita jicho vivu. Ubongo hufundishika kwa urahisi mpaka umri wa miaka saba au minane hivi, na kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi. Wanaotuletea watoto kwa sababu ya sura huja wakati sura inaanza kuwaaibisha, yaani skuli, na hapo miaka mizuri imeshapita.

Nukta ya Fundi ni sahihi, na sisi tunaitumia. Shika tochi ya simu kwa umbali wa mkono, isiwe kali, mtoto aitazame. Nukta zikiwa zimekaa sehemu moja kwenye mboni zote mbili, afadhali. Ikiwa ya jicho moja imesogea upande wa sikio, jicho hilo limeingia. Afadhali tu, lakini, kwa sababu jicho la kuja na kuondoka kama la mwanao linaweza kukaa sawa mbele ya tochi likakuhadaa. Mpige picha magharibi, wakati limeingia, uje nazo. Zinatusaidia kuliko hadithi.

Pa kuanzia ni spitali ya Chake, uliza kitengo cha macho na siku ambazo mpimaji wa watoto yupo. Njoo na kadi ya kliniki. Usimsubiri mume.

Kuhusu kijicho, dua isomwe na spitali iendwe, havigombani. Ninaloomba ni kitu kimoja: asitiwe kitu ndani ya jicho. Si maziwa ya mama, si asali, si wanja. Wanja wa manga mwingi una madini ya risasi na mtoto hujifikicha akalamba vidole.

BintiGombani

Ahsante sana, Mwenyezi Mungu akulipe. Mavyaa nimemsomea, kanyamaza, ambalo kwake ni jambo kubwa. Sasa hilo la kupima. Huyu akiona koti jeupe analia mpaka anatapika. Watamfanya nini?

Muuguzi_wa_Macho

Hakuna sindano, na sehemu kubwa hafanywi lolote zaidi ya kuoneshwa vitu. Mkae naye mapajani. Njoo ameshiba na amelala vizuri. Mtoto mwenye njaa hapimiki hata na malaika.

Kwanza tunaangalia kama kila jicho linafuata kitu likiwa peke yake. Tunaziba moja kwa kiganja tukimwonesha kijidoli. Akiwa hana habari tukiziba la kushoto, halafu akapiga kelele na kuusukuma mkono tukiziba la kulia, ametujibu: la kulia ndilo analolitegemea. Hili unaweza kulijaribu nyumbani wakati anatazama katuni. Kisha tunaziba na kufunua huku anatazama kitu, tuone jicho lililo wazi linasogea kwenda kukamata au limetulia. Kusogea ndiko kunakotuambia kuna makengeza na upande gani.

Kwa umri wake zipo kadi za kijivu zenye picha upande mmoja tu, juu au chini. Mtoto hutazama penye kitu, hiyo ni tabia yao wote. Picha zinafifia kadi baada ya kadi, mpimaji anafuata macho ya mtoto, si mdomo wake. Akishapita miaka mitatu anaweza kuoanisha picha: nyumba, tufaha, duara.

Kipimo kikubwa ni cha namba ya miwani, na hiki hakihitaji mtoto aseme hata neno. Anatiwa dawa ya kutanua mboni na kulegeza ule msuli wa lenzi, kisha mpimaji anapitisha mstari wa mwanga ndani ya jicho akibadilisha vioo mbele yake, mpaka mwanga unaorudi utulie. Namba inatoka hapo. Asiyetiwa dawa atakaza macho na namba itakuwa ya uongo. Kwa hiyo mtu akimpima mtoto wa miaka miwili kwa mashine bila dawa akakwambia hana namba, tafuta pengine.

Mwisho wanatazama ndani, mshipa wa jicho na retina, kuhakikisha hakuna mtoto wa jicho wala kitu kibaya nyuma.

JichoMoja

Naingia kwa jina langu. Nna miaka thelathini na kitu, kengeza la kulia tangu utoto, sikupelekwa popote. Walimu wa chuoni walinipiga bakora nikisoma juzuu nimeinamisha shingo, wakidhani nafanya mzaha. Jicho lenyewe liko salama, daktari kaniambia halina ugonjwa, ila halioni zaidi ya vivuli na rangi. Namimina chai nje ya kikombe mpaka leo nisipokigusa kwa mdomo wa buli. Mpira wa juu ukija sijui umefika au bado. Mtu akikwambia ni sura tu, mwambie anikaribishe chai kwake.

Muuguzi, kwa umri huu kuna lolote?

Muuguzi_wa_Macho

Lipo, kwa nusu. Kulinyoosha jicho inawezekana katika umri wowote, na watu wazima hufanyiwa. Kwanza wanapima kwa vioo maalumu kama ukinyooshwa utaona vitu viwili, maana wapo wanaoona hivyo na hawapendi. Uoni uliokosekana utotoni ndio usiutarajie urudi kwa upasuaji. Na hilo jicho zima lilinde: ukifanya kazi ya kuchomelea, kukata mawe au kupasua nazi kwa shoka, vaa miwani ya kinga. Huna la akiba.

Mzee_Konde

Mie sijabadilisha kauli. Mjukuu wangu yuko sawa. Lakini hili la bakora silipendi, na Mwalimu asitetewe.

MwalimuMaandalizi

Simtetei, Mzee wangu. Mimi mwenyewe ni mwalimu, nafundisha maandalizi. Tunaowapokea ni wa miaka minne, hapo bado kuna nafasi, na sisi ndio tunaomwona mtoto kutwa akifanya kazi ya karibu. Anayefumba jicho moja juani, anayegeuza uso pembeni kutazama ubao, anayejikwaa kwenye kizingiti kile kile kila siku, huyo namwita mzazi. Wengi hujibu "ndivyo alivyo". Nina chati ya herufi E iliyogeuzwa pande nne, mtoto ananionesha kwa vidole miguu ya E inatazama wapi, nikimziba jicho moja moja. Kumziba ndio muhimu. Mtoto mwenye jicho moja zima atasoma chati yote ukimwacha na macho mawili, na utamwandika mzima.

BintiGombani

Nimerudi na habari. Tumeenda. Kulia alilia, ila alipopewa kile kijidoli chenye taa akasahau. Tulipewa kwanza atropini, ile dawa ya kutanua mboni, ya kumtia nyumbani kabla ya siku ya kipimo cha namba. Nikaelezwa tone moja, kisha nimminye kwa kidole kona ya ndani ya jicho karibu na pua kwa dakika moja ili dawa isiteremke kooni. Nikaambiwa ngozi ikiwa ya moto na kavu, au moyo ukienda mbio, au akaanza kuweweseka, niache na nirudi mbio. Hakupata hata moja, alhamdulillahi. Lakini mboni zimebaki kubwa kama paka wa usiku kwa zaidi ya wiki, jua hataki kuliona, tunatoka na kofia.

Namba: jicho la kulia +3.50, la kushoto +5.50. Ndani ya macho kuko salama. Miwani tumepata na anavaa, mara anatupa.

Sasa nna hofu. Akivaa, macho yananyooka, mpaka baba yake kwenye video kalia. Akivua, jicho linaingia kuliko lilivyokuwa zamani. Mtaani wananambia miwani imemharibu, imelitia jicho uvivu. Ni kweli?

Muuguzi_wa_Macho

Si kweli, na wengi huvua miwani hapo hapo, wakapoteza kila kitu. Zamani mara alikuwa akikaza macho, mara anaacha, anaona ukungu, amezoea. Sasa ameonja kuona vizuri. Ukimvua anataka picha ile ile, anakaza kwa nguvu zote, jicho linavutwa zaidi. Kunyooka ndani ya miwani ndiko tulikokuwa tunakutafuta. Kunamaanisha upasuaji hauhitajiki kwa sasa. Avae kuanzia anapoamka mpaka anapolala, avuliwe kwa kuoga na kulala tu. Miwani ya saa mbili kwa siku haimsaidii mtoto wa aina hii.

Ila tofauti ya namba mbili kati ya macho nimeiona. La kushoto huenda liko nyuma. Watalipima tena baada ya miezi michache ya miwani, kwa sababu miwani peke yake huliinua jicho vivu kwa watoto kadhaa. Likibaki nyuma ndipo wataziba jicho moja kwa plasta.

UmmuDarajani

Nimesoma uzi wote jana usiku. Binti yangu kapitia haya yote, miwani, kuziba na kupasuliwa, kwa hiyo hapa mnaniona mwenyeji.

Shoga, fremu. Duka moja hapa mjini walitaka kunipa fremu ya mtu mzima iliyokatwa mikono. Usikubali. Mtoto hana pua ya kuishikilia, itateremka na atachungulia juu yake, na akichungulia ni sawa na hajavaa. Chukua ya plastiki laini ya kipande kimoja, yenye kamba inayopita nyuma ya kichwa, lenzi ziwe za plastiki ngumu isiyopasuka. Isiguse mashavu akicheka. Ioshe kwa maji na sabuni, usiipanguse kwa kanga, kanga ina mchanga hata ukidhani haina.

Kutupa atatupa. Mimi nilikuwa namvisha wakati kitu anachokipenda kinaanza, katuni au uji, na akivua kitu kinasimama. Bila kumpigia kelele. Mtoto akigundua miwani inakuumiza roho, amekupata.

BintiGombani

Ummu, hiyo ya kitu kusimama imefanya kazi kuliko pipi zote. Tumerudi spitali, la kushoto limepanda lakini halijafika. Tumeambiwa tuanze kuziba la kulia kwa muda wa saa mbili kila siku. Wifi anashangaa: jicho bovu ni la kushoto, kwa nini tunaziba la kulia?

Muuguzi_wa_Macho

Swali la wifi ni zuri, na nimeshaona mtoto aliyezibwa jicho lisilostahiki muda mrefu kwa sababu aliyembeba nyumbani hakuwa yule aliyeelezwa spitali. Linazibwa zima ili vivu lifanye kazi. Mwandikie kila anayekaa naye: KULIA. Na likizibwa, miwani inavaliwa juu yake.

Saa mbili si kwa kukuonea huruma. Marekani walilinganisha saa mbili na saa sita kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba wenye jicho vivu la wastani, matokeo yakatoka 2003, na waliopewa saa mbili walipanda sawa na wa saa sita. Zamani tuliziba kutwa. Ila ziwe saa mbili za kweli, akiwa macho na akishughulika na vitu vya karibu: kuchambua kunde, kuchora, kutia shanga kubwa kwenye uzi, picha za kitabu. Saa mbili akiwa amelala mgongoni kwako si kitu.

Usiruke siku za kurudi. Jicho zima likizibwa mno bila kuangaliwa nalo linaweza kuanza kulegea, hasa kwa mtoto mdogo kama wako.

BintiGombani

Plasta hazikai! Joto la kaskazi hili, jasho, nusu saa imeshabanduka, au anaibandua mwenyewe.

UmmuDarajani

Unampaka mafuta ya nazi usoni? Siku nzima usimpake upande huo, mpake usiku. Ukaushe uso kwa kitambaa kwanza. Sisi za dukani zilipotuishia tulitumia kipande cha pamba ndani ya shashi, juu plasta ya karatasi, tunaibandika kwenye ngozi, si kwenye kioo cha miwani, maana pembeni watachungulia hata ufanyeje. Saa nzuri ni asubuhi baada ya kuoga, feni ikiwa juu yake. Kuitoa, lowesha kwanza kwa maji ya vuguvugu. Mikono tulimvisha soksi siku za mwanzo. Alichukia, akazoea.

Muuguzi_wa_Macho

Na kama plasta imeshindikana kabisa, usikae kimya ukaacha. Ipo njia ya kutia tone la atropini kwenye jicho zima Jumamosi na Jumapili, linakuwa na ukungu kwa karibu na vivu linalazimika kusoma. Imelinganishwa na kuziba na kwa jicho vivu lisilo kali sana hufika pale pale. Ni uamuzi wa daktari, usiitoe ile chupa yenu iliyobaki kabatini. Tena ile chupa iondoe mtoto anapofika; ikinywewa ni sumu.

Mkoani_Bandarini

Samahani kwa kuingilia. Mtoto wa dada yangu ana mwaka mmoja. Nimepitia picha za Idi baada ya kusoma ya Fundi hapo juu. Kwenye picha za flashi jicho moja lina mboni nyekundu kama sote, jengine linang'aa jeupe, kama la paka. Picha zaidi ya moja. Na naona kama limeanza kupinda nje kidogo, upande wa sikio. Haumwi, anacheza.

Muuguzi_wa_Macho

Ndugu yangu, aende leo. Sio kliniki ya wiki ijayo. Spitali ya Abdalla Mzee iko karibu yenu, mwambieni wa mapokezi maneno haya: "mboni ina weupe". Inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa, ambaye kila wiki anayoachwa anauzima uoni. Inaweza kuwa saratani ya retina, ambayo huwashika watoto wadogo, haiumi mwanzoni, na dalili zake mbili za kwanza ni hizo ulizoziona: weupe kwenye mboni na jicho kupinda. Ikikamatwa mapema mtoto hupona na mara nyengine jicho nalo huokolewa. Wakati mwengine ni pembe ya picha tu. Mimi siwezi kujua kutoka hapa na wewe pia huwezi, wala Fundi. Zichukue picha uende nazo. Watatoa rufaa spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au bara, msiikatae.

Na wengine: makengeza yaliyoanza ghafla pamoja na homa kali, kutapika, kuumwa kichwa, kope kuanguka, au baada ya mtoto kuanguka mwembeni, hayo pia ni ya leo leo.

Mkoani_Bandarini

Wako njiani. Ahsante.

FundiSimu

Allah ampe afya. Sikujua kuwa nusu ya video ile ilikuwa na maana kiasi hiki.

Mzee_Konde

Ummu, umesema wako alipasuliwa. Jicho walilitoa nje? Hapa kwetu husema wanalitoa, wanalikosha, wanalirejesha.

UmmuDarajani

Mzee wangu, hata mie nilikuja na hayo kichwani, nikamuuliza daktari. Halitolewi. Kila jicho lina misuli sita upande wa nje, daktari anafungua ngozi nyembamba ya weupe, anauondoa msuli pale ulipojishika na kuushona nyuma kidogo ili usivute sana, au anaufupisha ule uliolegea. Ndani ya jicho haingii.

Binti yangu lake lilikuwa tofauti na la mtoto wa Binti. Yeye macho yalikuwa ndani kabla hajatimiza miezi sita, makubwa, na miwani haikuyanyoosha. Tulikwenda Dar kwa rufaa, spitali ya CCBRT, wao wana daktari wa macho wa watoto. Macho yote mawili siku moja. Asiwe amekula asubuhi kwa ajili ya dawa ya usingizi, huo ndio mtihani mkubwa, mtoto mwenye njaa na mama mwenye khofu. Tukaondoka jioni ile ile. Machozi yalikuwa na damu damu, weupe wote mwekundu wiki kadhaa, nyuzi zikayeyuka zenyewe. Tukakatazwa mchanga na kuogelea pwani kwa muda.

Kabla ya kisu tulikuwa tumeshaziba, jicho moja ni vivu. Walitwambia wazi: kisu kinanyoosha, hakifundishi jicho kuona. Na baada yake bado anavaa miwani, na daktari kasema huenda akahitaji kurudiwa akikua. Wapo ndugu wanaoniuliza nilikwenda kufanya nini bara ikiwa miwani iko pale pale usoni. Nimechoka kuwajibu.

Mzee_Konde

Haya, Mungu ampe umri. Kumbe kwa mume wa Binti aliyekuwa nalo utotoni, litakuwa lilirudi lenyewe?

BintiGombani

Mzee, nilimwambia azibe la kulia asome maandishi ya televisheni. Hasomi. Hakuwahi kujua, na anaendesha pikipiki kila siku.

Muuguzi_wa_Macho

Basi na hilo liandikwe kwenye kadi ya mtoto. Makengeza na hizi namba kubwa hutembea kwenye ukoo. Binti, ukijaaliwa mwengine, mlete akiwa na mwaka hata kama macho yake yamenyooka. Waliozaliwa njiti nao vivyo hivyo. Mume naye aje apimwe, pikipiki si mchezo.

BintiGombani

Inshaallah. Sasa swali langu la mwisho kabla sijawachosha. Safari hii la kushoto limekaribia sana la kulia, anakamata picha ndogo kabisa za kadi. Wameniambia tupunguze kuziba lakini tusiache. Mavyaa anasema kama limepona tuvue vyote, na miwani pia.

Muuguzi_wa_Macho

Mashaallah, kazi yenu hiyo. Kuziba hupunguzwa polepole, kwa sababu takriban mtoto mmoja kati ya wanne jicho hurudi nyuma ndani ya mwaka wa kuacha, na wanaokatizwa ghafla ndio wanaorudi zaidi. Kwa hiyo mtapimwa pimwa hata baada ya plasta kwisha. Miwani ni habari nyengine kabisa: jicho bado ni fupi, na litabaki hivyo mpaka likue. Namba inaweza kupungua akiwa mkubwa, wapo wanaokuja kuivua. Atapimwa kwa dawa kila mwaka na namba itafuatwa inavyokwenda. Mavyaa mwambie nimesema bado.

UmmuDarajani

Atahitaji fremu kubwa zaidi karibuni, watoto hukua kichwa upesi. Nina kamba mbili za miwani za binti yangu, nzima, hazitumii tena. Nitumie inbox jina la mtu atakayezipokea Mkoani, nizitie kwenye boti ya keshokutwa.